Posta ya mchango ilitangulia: kisa cha kijana wa Duchenne na safari ya seli shina

Majina yote humu si ya kweli. Mtaa nimeubadilisha, kazi ya baba nimeigeuza kidogo, na nchi waliyoenda siitaji, kliniki za aina hii ziko kwingi na shida haikuwa nchi. Familia ilisoma maandishi haya kabla niyatoe, Baba Baraka akasema niandike kila kitu, mama akafuta mistari miwili na mimi nikaiacha ikiwa imefutwa. Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, nafanya kazi na watoto wenye shida za misuli hapa Nairobi, na hiki ni kisa cha mtoto wa Duchenne, ugonjwa wa jeni unaokula misuli, kisa ambacho mimi mwenyewe sikukiendesha vizuri mwanzoni, ndio maana nakiandika.

Mtoto na nyumba yao

Baraka alikuja kwangu akiwa na miaka saba na nusu. Wanaishi Eastlands, fleti ya ghorofa ya tatu, lifti hakuna, ngazi zenyewe ni zile za simiti zisizolingana, moja fupi moja refu. Baba yake anauza spea za magari, mama anashona. Kuna dada mkubwa, na kuna mdogo wa kiume ambaye wakati huo alikuwa anatambaa.

Historia yake ni ile ambayo nimeisikia mara nyingi hadi naweza kuimaliza kabla mzazi hajamaliza. Alichelewa kutembea. Akiwa na miaka minne alikuwa anaanguka sana, shule wakasema ni mzembe. Vigimbi vyake vilikuwa vinene na vigumu, shosho yake akawa anaringa navyo, ati huyu atachezea Harambee Stars. Akapewa dawa za kalsiamu. Halafu damu ikapimwa, vimeng'enya vya ini vikatoka juu, wakazungushwa miezi saba wakitafuta ugonjwa wa ini ambao haukuwepo, kwa sababu vile vimeng'enya viwili vya ini vinapatikana pia kwenye msuli, na msuli ukipasuka vinapanda vilevile. Siku daktari mmoja kijana alipomwambia Baraka akae chini halafu ainuke ndio mambo yakaeleweka. Mtoto aligeuka akapiga magoti, akaweka mikono chini, akainua matako juu, halafu akaanza kujipanda mapaja yake mwenyewe kwa mikono kama mtu anapanda mnazi. CK, kimeng'enya cha msuli kinachomwagika kwenye damu, ikapimwa, ikatoka zaidi ya elfu kumi na nne, wakati ya kawaida haifiki hata mia tatu. Sampuli ya jeni ikatumwa nje, majibu yakarudi: eksoni, yaani vipande, 48 hadi 50 za jeni ya distrofini hazipo. Duchenne.

Kwa asiyejua, distrofini ni protini inayoshikilia ukuta wa seli ya msuli wakati msuli unavuta na kuachia. Jeni yake ni kati ya zile ndefu kabisa mwilini, ina eksoni 79, iko kwenye kromosomu X, ndio maana wanaougua ni karibu wavulana peke yao, kama mmoja kwa kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Baba Baraka nilimweleza kwa lugha ya duka lake: gari halina shoku, kila shimo linapiga chesisi. Akaelewa haraka kuliko wanafunzi wangu.

Neurolojia ya watoto, madaktari wa neva, wakamwanzishia prednisoloni, dawa ya steroidi, kipimo cha kawaida cha miligramu 0.75 kwa kila kilo kwa siku. Hiyo dawa ni ya bei ya chini na haina jina la kuvutia, lakini ndiyo imeonyesha kwa miaka mingi kwamba inamwongezea mtoto muda wa kutembea, mara nyingi miaka miwili mitatu hivi. Mimi nikaweka mazoezi ya kunyoosha, splinti za usiku, na vipimo kila miezi mitatu.

Mama hakuipenda hiyo dawa hata siku moja. Mashavu ya mtoto yalijaa, akawa anakula kama mjenzi, analia bila sababu, anapigana na dada yake. "Daktari, umeniletea mtoto mwingine," aliniambia. Wananiita daktari, nimechoka kukataa.

Ile video

Baraka alipokaribia miaka minane, mjomba wake alituma video kwenye grupu la familia. Mtoto wa Duchenne, au aliyesemekana ni wa Duchenne, amewekewa dripu kwenye chumba kizuri chenye picha za samaki ukutani, halafu kipande kinachofuata anapanda ngazi. Chini kuna namba. Baba akaandika, na ndani ya dakika kumi akapigiwa na mtu aliyejiita mratibu wa wagonjwa, anaongea Kiingereza kitamu, anamwita Baraka kwa jina.

Ofa ilikuwa hivi: seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kutoka kwenye kitovu cha watoto waliozaliwa, raundi nne, kila raundi dola 15,000 pamoja na chumba na fizio ya kila siku. Ukilipia zote nne mapema unapunguziwa. Asilimia 95 ya watoto, walisema, wanapata nafuu.

Jibu langu la kwanza

Walikuja wote wawili, na hiyo pekee ingenishtua maana baba huwa hafungi duka Jumanne. Akaniwekea simu mbele. Nikaangalia video hiyo sekunde ishirini hivi, nikamrudishia. Nikasema, "Baba Baraka, huu ni wizi wa wazi, usipoteze pesa yako."

Sikukosea. Lakini angalia nilichofanya. Nilikuwa na foleni nje, nikampa mzee sentensi moja, nikamwambia kwa maneno mengine kwamba yeye ni mjinga karibu kuibiwa, na mahali pa ile video sikuweka kitu chochote. Alinyamaza. Mama akashukuru. Wakaondoka, na miadi iliyofuata hawakuja, na ile ya baada yake pia hawakuja.

Wiki ya tano ndio nikaiona posta, lile bango la kuchangisha pesa. Ilinifikia kwa njia ya kawaida ya Nairobi, mtu wa kanisa la mtu wa ofisi ya dada yangu. Picha ya Baraka akiwa na sweta ya shule, anacheka, meno ya mbele hayapo, na juu yake kwa herufi nyekundu: TUMSAIDIE BARAKA ATEMBEE TENA, MATIBABU YA SELI SHINA NG'AMBO. Namba ya paybill. Shabaha milioni mbili kwa kuanzia.

Atembee tena. Wakati huo Baraka alikuwa anatembea, na alikuwa anakimbia, kimbio lake baya la bata lakini alikuwa anakimbia.

Kikao cha pili

Aliyenirudishia familia ni mama. Alinipigia akasema wamefikisha milioni moja na laki sita, tiketi zinatafutwa, na kliniki imetuma fomu ambayo haelewi mstari mmoja. Nikamwambia waje jioni baada ya kazi, hakuna foleni. Tulikaa masaa mawili, nikachemsha chai.

Ule mstari ulisema mgonjwa aache steroidi zote wiki mbili kabla ya raundi ya kwanza ili seli "zisizuiwe." Hapo nilishtuka kweli. Mtoto aliyekunywa prednisoloni kila siku kwa miezi mingi, zile tezi zake ndogo zilizo juu ya figo zimelala, hazitengenezi kotisoli yake ya kutosha, ile homoni ya kuusaidia mwili ukiugua. Ukimkatia dawa ghafla anaweza kutapika, sukari ikashuka, presha ikaanguka, na akafa kwa homa ambayo mtoto mwingine angeimaliza kwa siku tatu.

Tukaandika maswali pamoja, baba akayatuma kwa simu yake mwenyewe, mimi nikakataa kuyatuma. Hizo seli ni ngapi kwa kila raundi na nani amezipima. Zinatakiwa zigeuke msuli ama zinafanya kazi gani nyingine. Ile asilimia 95, nafuu ilipimwa na nini, na watoto ambao hawakupewa seli wako wapi kwenye hesabu. Utafiti umeidhinishwa na kamati gani ya maadili. Mtoto akipata shida akisharudi Nairobi nani analipa.

Majibu yalikuja usiku huohuo, matatu kati ya matano. Seli ni "mamilioni mengi." Nafuu ilipimwa na wazazi kwa fomu ya kuulizwa wanaonaje. Na wakatuma linki ya sajili ya majaribio ya Marekani, ambayo kweli jina la utafiti lilikuwa humo. Baba aliona hiyo linki kama muhuri wa serikali. Ikabidi nimweleze kwamba kusajiliwa huko si kuidhinishwa, ni kama kuandika jina lako kwenye kitabu cha wageni, na kwamba jaribio la kweli kwa kawaida halimlipishi mgonjwa dola elfu 15 ndio apewe kitu ambacho bado hakijulikani kama kinafanya kazi. Hapa kwetu jaribio la dawa linapita kamati ya maadili na Bodi ya Dawa na Sumu kabla ya mtu kudungwa, akaniuliza basi kwa nini hawafanyi hapa, nikasema swali zuri, jiulize kwa nini hawajaomba.

Halafu akasema ile kitu ambayo ilinifungua macho. "Daktari, mimi nimekuelewa. Lakini nikirudisha hii pesa nawaambia nini watu? Wamechanga kwa sababu ya seli shina. Kuna mama wa mboga hapo kwa geti alitoa mia tano. Nikisema hatuendi wataniona mwizi, na Baraka akiishia kwa wilchea watasema babake alikula pesa ya miguu yake."

Nilikuwa nimekuja na sayansi, na mtu hakuwa kwenye sayansi kabisa. Uamuzi ulikuwa umefanyika siku posta ilipochapishwa.

Tuliamua nini

Nilimpigia daktari wa neurolojia usiku ule mbele yao, kwa spika. Alikuwa mkali kuliko mimi lakini alisikiliza. Tukaafikiana hivi. Steroidi haisimami hata siku moja, na kliniki ikisisitiza safari inakufa. Wanalipia raundi moja, si nne, punguzo tusahau. Moyo upimwe kabla ya kwenda, kwa sababu Duchenne inakula moyo pia na hakuna aliyekuwa ameuangalia mwaka mzima. Na mimi nipime Baraka kabla, kwa video, halafu mwezi mmoja baadaye, miezi mitatu, miezi sita, kwa njia ileile, na namba ndizo zitaamua raundi ya pili, sio hisia za mtu, zangu au zao.

Wenzangu wawili walinilaumu, wakasema kwa kukubali kupima nimeipa ile kliniki heshima ambayo haistahili. Wana pointi. Mimi niliona hivi: wanaenda, nisipokuwepo wanaenda bila dawa. Kama kungekuwa na nafasi hata ndogo ya wao kubaki nyumbani ningeishikilia hiyo, lakini mtu ameshika pesa ya mtaa mzima mkononi.

Siku ya kupima Baraka alivaa viatu vipya vya safari, nikamvua, akanuna. Mita kumi za kukimbia kwenye korido: sekunde 6.8. Kuinuka kutoka sakafuni: 7.1. Ngazi nne: 5.9. Kila kitu mara mbili, tunachukua bora, asubuhi, kabla ya mazoezi. Alitaka kuhesabu mwenyewe kwa simu yangu, nikamwachia, akawa anapiga kelele "simama!" kabla hajafika ili ashinde.

Safari

Siku ya pili kule daktari wa kliniki alisimamisha prednisoloni. Baba alikuwa na barua yangu mfukoni. Akaionyesha, akaambiwa barua ni ya Nairobi na hapa kuna itifaki. Hakutaka ugomvi, wameshalipa.

Siku ya sita, saa nane usiku za kwetu, mama akapiga. Baraka ametapika tangu jioni, amelegea, anaitikia kwa shida, nesi anasema ni seli zinaingia kazini. Hayo maneno sitayasahau. Nikamuunganisha na daktari wa neurolojia, ambaye hakupoteza muda: mchukue mtoto, toka hapo, nenda hospitali kubwa iliyo karibu, sema maneno haya mawili, steroidi imekatwa. Wakaenda na teksi. Akapewa haidrokotisoni, steroidi ya dharura, ya mshipa na maji ya sukari na chumvi, kufikia saa nne asubuhi alikuwa anaomba chipsi. Bili ya hiyo hospitali ilikuwa yao. Walirudishiwa prednisoloni, na cha ajabu ni kwamba walirudi kliniki wakamalizia dripu mbili zilizobaki. Nilimuuliza mama kwa nini. Akasema, "Tulikuwa tumelipia."

Namba

Walirudi na sherehe. Chapati, jirani wote, Baraka akapanda ngazi mbele ya kamera na watu wakapiga makofi, na ile video ikaenda kwenye grupu la wachangaji, halafu, bila wao kuulizwa vizuri, kwenye ukurasa wa ile kliniki. Kwa hivyo kuna mzazi mahali sa hii anamwangalia Baraka kama sisi tulivyomwangalia yule mtoto wa kwanza.

Mwezi mmoja: mita kumi 6.6, kuinuka 7.6, ngazi 5.7. Baba akachukua ile 6.6 na 5.7 akafurahi, na kuinuka akasema alikuwa amechoka. Mimi nikanyamaza. Tofauti za sehemu ya kumi za sekunde kwa mtoto wa miaka minane ni pumzi tu, ni kiamsha kinywa, ni kama amegombana na dada yake. Pia alikuwa ametoka kwenye fizio ya kila siku na splinti mpya, vitu ambavyo angepata hapa kwa sehemu ndogo sana ya hiyo pesa.

Miezi mitatu: 7.3, 9.0, 6.4.

Miezi sita: 7.9, 11.2, 7.5. Niliweka video mbili kwenye kompyuta, ya kabla kushoto na ya sasa kulia, nikazianzisha pamoja. Kushoto Baraka amesimama, anacheka, anatoka kwenye fremu. Kulia bado mkono mmoja uko sakafuni. Baba aliangalia mara tatu. Hakuna aliyesema kitu, mama akaenda kumwosha Baraka mikono ambayo haikuwa michafu.

Sisemi seli zilimshusha. Mtoto mmoja hathibitishi chochote, labda angeshuka hivyohivyo, labda ile wiki mbaya ilichangia, siwezi kujua. Ninachoweza kusema ni kwamba kile walicholipia hakikuonekana, na raundi ya pili haikufanyika.

Seli zenyewe zilishindwa wapi

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wazazi wengi wanafikiri sisi tunapinga seli shina kwa wivu. Wazo lenyewe si la kijinga hata kidogo. Msuli una seli shina zake, Alexander Mauro alizielezea mwaka 1961, zinaitwa seli setilaiti, zimelala pembeni ya uzi wa msuli zikingoja ajali. Msuli ukiumia zinaamka, zinagawanyika, zinaungana na uzi kuutengeneza. Kwa mtoto wa Duchenne hizi seli zinafanya kazi usiku na mchana tangu azaliwe, zinakarabati kwa vifaa vilevile vibovu, maana nazo zina jeni ileile, hadi mahali pa msuli panajaa mafuta na kovu. Ukizileta zenye jeni nzima, si utakuwa umetibu?

Mwaka 1989 ilifanyika kwa panya, distrofini ikaonekana. Wakakimbilia watoto. Jaribio lililochapishwa 1995 lilichukua wavulana 12, wakadungwa kwenye mkono seli changa za msuli kutoka kwa baba au kaka, kila mwezi kwa miezi sita, mkono mmoja seli na mwingine sindano isiyo na seli. Nguvu haikutofautiana. Nilipomwambia Baba Baraka hii aliniangalia akasema, "Yaani hii kitu ilijaribiwa kabla mimi nimalize shule?" Ndio. Na sababu zake zinajulikana: seli nyingi zinakufa ndani ya siku chache, kinga ya mwili inazishambulia, na zilizobaki hazisafiri, zinakaa pale sindano ilipoingia. Mwili una misuli zaidi ya 600, ukiwemo ule wa kupumulia. Utadunga wapi usidunge wapi.

Wataliano chini ya Giulio Cossu wakajaribu seli zinazoweza kupita kwenye mshipa wa damu, mesoangioblasti, mbwa waliendelea vizuri, halafu watoto watano wakapewa, ripoti ikatoka 2015: kwa sehemu kubwa salama, ingawa mmoja alipata kiharusi kidogo kisichoonyesha dalili, na faida ya kuhesabika haikuonekana. Mahali palipoonekana kitu ni Paris mwaka 2014, ugonjwa mwingine kabisa, wa misuli ya watu wazima, unaoshika koo na kope. Wagonjwa 12 walidungwa kooni seli zao wenyewe zilizotolewa kwenye msuli mzima, na kumeza kukaboreka kwa wengi. Msuli mdogo, mahali pamoja, seli za mwenyewe. Linganisha na mtoto mzima.

Sasa zile za kitovu. Hizo hata si seli za msuli. Ni seli za mesenkima, zinatoa kemikali za kutuliza uvimbe kwa muda halafu zinaondoka, ushahidi kwamba zinageuka msuli kwa mtoto wa Duchenne haupo. Nilimwambia baba amenunua spea ya pikipiki kwa gari. Kutuliza uvimbe si kazi bure, kuna seli za moyo za kampuni moja ya Marekani zinazofuata njia hiyo, utafiti wake mdogo ulitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2022 na ulionyesha mikono kushuka polepole zaidi, lakini hata hiyo, iliyopimwa kwa makundi mawili na dawa bandia upande mmoja, Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliirudisha ikitaka ushahidi zaidi. Hiyo ndiyo tofauti. Mmoja anarudishwa na data, mwingine ana picha za samaki ukutani.

Kitu kimoja cha ziada kuhusu zile video. Mtoto wa Duchenne kati ya miaka minne na saba mara nyingi anaboreka mwenyewe, kwa sababu ukuaji unashinda ugonjwa kwa muda. Ukimpa maji ya mchele umri huo utapata video nzuri.

Kilichofanya kazi na pale nilipoanguka

Saa ya simu ndiyo iliyofanya kazi. Baba hakubadilishwa na mwaka 1995 wala Paris, alibadilishwa na fremu mbili kwa kompyuta, na aliziamini kwa sababu alikuwepo zikirekodiwa na Baraka ndiye alishika saa. Tungepima baada ya safari tu, sherehe ingeshinda.

Kulipia raundi moja kuliwaokolea zaidi ya milioni tano ambazo hawakuwa nazo, zingekuwa mkopo.

Barua yangu ya steroidi ilikuwa karatasi ya heshima. Nilimpa baba, mtu ambaye hapendi kubishana na madaktari, nikamtuma akabishane. Nilipaswa kuituma kliniki moja kwa moja, ijibiwe kwa maandishi kabla tiketi zinunuliwe, na familia ibebe dozi ya dharura pamoja na maelezo mafupi ya lugha ya kule. Daktari wa neurolojia anasema kosa ni letu sote wawili, mimi naona la kwangu ni kubwa zaidi maana mimi ndio niliona ile fomu.

Kosa lingine hakuna aliyeliona hadi tulipokaa na wachangaji. Zilibaki laki tatu na kitu. Tukiwa tunapanga zitumike wapi, dada ya mama akauliza, na huyu mdogo je? Kimya. Mama akiwa amebeba hiyo jeni, kila mvulana ana nusu kwa nusu, mama mwenyewe moyo wake unafaa uangaliwe, na dada ya Baraka atakuja kutaka kujua. Miezi tisa tumezungumza kuhusu ng'ambo na mtoto wa pili yuko katikati yetu bila kutolewa hata tone la damu. CK ni kipimo cha bei nafuu. Ilipimwa wiki hiyo, ya mama pia, majibu yao nayaacha kwa familia.

Na lile jibu la kwanza. Ningempa dakika arobaini Jumanne ile, posta isingekuwa imetoka. Au ingetoka ikiwa imeandikwa MATIBABU YA BARAKA, hivyo tu, na pesa ingekuwa huru kwenda kokote.

Sa hii

Baraka ana miaka kumi. Bado anatembea ndani ya nyumba, shule anatumia wilchea na ameigeuza gari la mashindano. Prednisoloni inaendelea, dawa ya moyo imeanza. Wamehamia ghorofa ya chini, laki tatu zile zilimalizikia kwa depositi na rampu ya mlango, na mama wa mboga alialikwa kuiona.

Mwezi uliopita Baba Baraka alinipigia, kuna mzazi Kitengela ana kijana wa miaka sita, ameonyeshwa video. Akataka ile karatasi yangu ya vipimo na siku ambayo sina foleni. Nikamuuliza kama posta imeshatoka.

"Bado," akasema. "Nimemwambia asubiri."

Wanakuja Alhamisi.